Nauli Yako Ndiyo Iliyolipa Bima

Mazungumzo ya leo yanamhusu abiria. Abiria aliyelipa nauli, akapanda gari, gari likapinduka, akaumia. Anamdai nani? Anadai kwa njia gani? Na ana muda gani kabla mlango haujafungwa?

Tutaanza na gari la kuchangia nauli huku kwetu Wajir, tupite chini ya mti wanapoketi wazee, halafu twende hadi Nairobi kwenye teksi zinazoitwa kwa simu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anatoka Griftu alfajiri kwenda Wajir mjini. Anapanda Probox. Ndani yumo mwalimu, yumo mgonjwa na mtu wa kumshika, yumo kijana na gunia lake, na nyuma kabisa wamekaa watoto wawili ambao hakuna aliyewahesabu. Njiani ngamia anavuka, dereva anakata usukani, gari linalala ubavu. Mama anavunjika nyonga. Watu wanaligeuza gari, anatafutiwa usafiri hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Wajir. Jioni upande wa dereva unakuja na pole, sukari na maziwa. Dereva mwenyewe ni kijana wa watu, analia. Kila mtu anasema alhamdulillahi, hakuna aliyekufa, na jambo linaonekana limekwisha.

Je, limekwisha? Kisheria, hata halijaanza.

Kenya ina sheria ya bima ya magari, Sura ya 405 ya sheria za nchi. Sheria hiyo inasema hakuna gari kutembea barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine wanaoweza kuumizwa nalo. Na gari likiwa linabeba watu kwa malipo, bima hiyo lazima iwalinde na abiria waliomo ndani. Mahakama ikishaamua kwamba dereva alikosea na abiria alipwe, kampuni ya bima ndiyo inayolazimika kutoa pesa, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, kinachobaki ni mzigo wa mwenye gari na dereva.

Hebu turudie hapo, maana ndipo penye kiini cha maneno ya leo. Mwenye basi anapopanga nauli, ndani yake ameweka mafuta, tairi, mshahara wa dereva na wa utingo, na bima. Bima haitoki mfukoni mwake kama sadaka, inatoka kwenye nauli za abiria. Kwa hiyo abiria aliyevunjika mguu anapokwenda kuidai kampuni ya bima, hamdhulumu dereva na wala hauvunji ujirani. Anadai kitu ambacho yeye na wenzake wamekuwa wakikilipia kila safari. Nauli yako, msikilizaji, ndiyo iliyolipa bima.

Sasa tatizo la Probox. Magari mengi ya aina hii yana bima ya gari la binafsi, bima ya mtu anayekwenda kazini na kurudi nyumbani. Siku yakibeba abiria wa kulipa nauli, kampuni inakwenda mahakamani na kusema: sisi hatukuuza bima ya kubeba watu kwa pesa, hatuhusiki. Na mara nyingi sheria inaisikiliza. Hapo abiria anabaki na watu wawili wa kuwadai, dereva na mwenye gari. Ni rahisi kukaa studio na kusema "kagua stika ya bima kabla ya kupanda". Saa kumi alfajiri, gari likiwa moja na mgonjwa yuko mgongoni, nani atakagua stika? Lakini siku ambayo yapo magari mawili, lenye bima ya abiria na lisilo nayo, tofauti ya shilingi mia moja ya nauli isikudanganye.

Kuna wanaouliza: gari lilikuwa limejaza kupita kiasi, je, abiria amepoteza haki? Hapana. Sheria hiyo hiyo hairuhusu kampuni ya bima kumkimbia majeruhi kwa kisingizio cha idadi ya watu waliokuwemo, au ubovu wa gari, au umri wa dereva. Ugomvi huo ni wao na mwenye gari. Ila mkanda ni jambo lingine. Tangu zile kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kazi mwaka 2004, mkanda ni lazima kwa abiria wa magari ya umma, na aliyekataa kuufunga anaweza kupunguziwa fidia yake.

Na ngamia? Dereva atasema ngamia aliingia barabarani ghafla, ilikuwa kadari. Kuamini kadari ni imani yetu, hakuna anayebishana nayo. Lakini hakimu atauliza maswali ya dunia: ulikuwa kwenye mwendo gani, taa zilikuwa zinawaka, hujui kwamba barabara hii ina mifugo?

Mwezi Aprili 2024, wakati wa mafuriko, basi lilisombwa na maji eneo la Tula, kaunti ya Tana River, likiwa na abiria 51. Wote waliokolewa, na picha za watu waliopanda juu ya paa la basi zilizunguka nchi nzima. Mvua ililetwa na Mwenyezi Mungu. Aliyeliingiza basi ndani ya maji ni mtu. Kama kuna abiria ambaye angevunjika mkono siku ile, kesi yake ingekuwa juu ya uamuzi huo wa mtu, mvua isingekuwa jibu.

Msikilizaji, sasa tuingie chini ya mti.

Wajir haihitaji kufundishwa maslaha, yaani mapatano ya wazee. Ni hapa ambapo mwaka 1993 wazee wa koo walitia saini Azimio la amani la Al-Fatah, baada ya wanawake wa soko la Wajir kukataa kuendelea kuzika watoto kwa mapigano ya koo. Mmoja wa waliosukuma kazi ile, Dekha Ibrahim Abdi, alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Dekha huyo alifariki Julai 2011 kwa majeraha ya ajali ya gari, akiwa safarini kuelekea Garissa kwa shughuli za amani. Allah amrehemu. Barabara haikumjua ni nani.

Katika maslaha, aliyeua hulipa diya, fidia ya damu, na halipi peke yake, ukoo wake unachanga. Hesabu ya kale ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, na Azimio la Modogashe la mwaka 2001 liliiandika hesabu hiyo kwenye karatasi kwa ajili ya migogoro ya wilaya zetu. Aliyejeruhiwa naye ana kiasi chake, kulingana na kiungo kilichoumia. Utaratibu huu una heshima yake. Unazuia kisasi, unalipa mapema kuliko mahakama, na unamfanya dereva aweze kupita tena mbele ya nyumba ya marehemu. Hata Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaziambia mahakama ziunge mkono njia za jadi za kutatua migogoro. Mwaka 2013 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikubali kuondolewa kwa kesi ya mauaji yaliyotokea Eastleigh, kwa sababu familia mbili zilikuwa zimekwisha kupatana kwa mila na dini. Wanasheria wengi walishtuka. Kwetu hakuna aliyeshangaa.

Lakini kwenye ajali za gari la nauli, maslaha yana tundu kubwa, na lazima lisemwe waziwazi. Wazee wanapokaa, wanahesabu kile ambacho ukoo wa dereva unaweza kutoa. Mjane wa upande ule anatoa mbuzi, mchungaji anatoa ndama, mwalimu anakatwa mshahara. Kampuni ya bima, iliyopokea pesa kwa kazi hii hii, haipo chini ya mti na hakuna aliyeitaja. Inabaki Nairobi na fedha zake. Masikini wawili wanalipana, na aliyelipwa mapema kwa ajili ya siku hiyo anakwenda zake salama. Huo si uadilifu, na si kosa la dini wala la mila. Ni kwamba hakuna aliyeuliza swali moja dogo: gari lilikuwa na bima gani?

Jambo la pili ni la wanawake, na litawakera baadhi ya wasikilizaji. Chini ya mti, mama aliyekufa anahesabiwa nusu. Mahakamani hakuna nusu. Hakimu anaangalia umri wa marehemu, alikuwa akiingiza nini, ni nani waliokuwa wakimtegemea. Mama mwenye duka la nguo na watoto sita anaweza kuhesabiwa zaidi ya mwanamume asiye na kazi. Na kifungu kile kile cha 159 kinachozisifu njia za jadi kinaziwekea mpaka: zisivunje haki zilizomo ndani ya Katiba.

Je, mtu achague moja, maslaha au mahakama? Si lazima. Familia inaweza kupokea pole na matibabu, ikasamehe, ikakataa uadui, na bado ikaidai bima. Tahadhari iko kwenye karatasi. Karatasi ya maslaha ikiandikwa kwamba majeruhi amelipwa yote na hana dai lolote tena kwa mtu yeyote, wakili wa kampuni ataitoa mahakamani siku hiyo hiyo. Basi iandikwe kilicholipwa, kwa ajili ya nini, na kwamba haki ya kuidai bima imebaki palepale. Na kilichokwisha kulipwa kitajwe kwa ukweli, kwa sababu mahakama hailipi hasara moja mara mbili.

Karatasi nyingine ya kuogopa ni ile ya kampuni yenyewe. Mtu anakuja hospitalini na hundi ndogo na fomu ya kutia saini, "fidia ya mwisho". Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba fomu ya namna hiyo ni mkataba, na aliyeitia saini kwa hiari amefungwa nayo. Usitie saini ukiwa kwenye drip.

Tumeongea juu ya haki. Sasa ushahidi, ambao kukosekana kwake ndiko huangusha kesi nyingi za huku kwetu. Ajali ikitokea, iandikishwe kituo cha polisi na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, halafu baadaye abstrakti ya polisi, ile fomu yenye nambari ya gari, jina la mwenye gari, kampuni ya bima na nambari ya bima. Bila abstrakti, wakili anaanza gizani. Watu wetu hukwepa polisi kwa sababu wanaona kwenda kituoni ni kumfunga kijana wa jirani. Kuandikisha ajali si kumfunga mtu, na kesi ya fidia inaweza kusimama hata kama dereva hakushtakiwa kamwe. Ikiwa alishtakiwa akapatikana na hatia, hukumu hiyo inakusaidia.

Halafu kuna fomu ya polisi ya P3 inayojazwa na daktari, karatasi za hospitali, na risiti. Risiti, risiti, risiti. Maumivu hakimu anaweza kuyakadiria mwenyewe kwa kuangalia kesi zilizopita, lakini pesa ulizotumia hazikadiriwi: usipoonyesha karatasi, hulipwi. Dawa ulizonunua, ambalansi iliyokupeleka Garissa, vyuma vilivyowekwa mguuni, vyote viwe na karatasi. Na ulilipaje nauli? Kama ni kwa M-Pesa, ule ujumbe ni tiketi yako, usiufute. Piga picha ya nambari ya gari. Chukua nambari za simu za abiria wawili wenzako, maana baada ya mwezi mmoja watakuwa wamehamia malisho mengine na hutawapata.

Muda je? Miaka 3 tangu siku ya ajali. Aliyeumia akiwa mtoto huanza kuhesabiwa akifika miaka 18, kwa hiyo ana hadi miaka 21. Na sikiliza hili vizuri: ukiwa umepewa lifti na gari la serikali likakuumiza, muda wa kuishtaki Serikali ni miezi 12 tu. Kampuni ya bima nayo lazima ipewe taarifa kwa maandishi kuhusu kesi, na salama zaidi ni kabla ya kuifungua.

Mahakama ipi? Mahakama ya hakimu Wajir inatosha kwa madai ya kawaida. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria hiyo inataja fidia ya majeraha. Wengi hukimbilia kwa Kadhi. Kadhi ana ndoa, talaka na mirathi, mguu uliovunjika si wake. Lakini abiria akifariki, familia inayotaka kudai kwa niaba yake itahitaji kwanza hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, na wengi hupotezea mwaka mzima hapo.

Na jihadhari na madalali. Wako wanaozunguka wodini wakiahidi "wakili atalipwa ukishinda, mgawane nusu kwa nusu". Sheria ya Mawakili haitambui makubaliano ya wakili kulipwa tu kesi ikishinda, na kutafuta wateja kwa madalali ni kosa. Uliza jina la wakili, uliza kama ana leseni ya mwaka huu, na akaunti itakayoingia pesa ni ya nani.

Tumefika Nairobi. Kijana wetu anatoka Eastleigh kwenda uwanja wa ndege usiku, anaita teksi kwa simu. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015, Bolt na Little zikafuata. Gari linagongwa Thika Road, kijana anaumia shingo. Anamdai nani? Kampuni ya programu itasema: sisi si wasafirishaji, sisi tunaunganisha simu mbili, na kama ni Uber, mkataba wako ni na kampuni iliyoko Uholanzi. Hoja hiyo imechoka kidogo duniani. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema Uber ni huduma ya usafiri. Huku Kenya, mwaka 2021, madereva walipoishtaki Uber Kenya, Mahakama Kuu haikukubali kwamba kampuni ya Nairobi ijifiche nyuma ya ile ya Uholanzi. Na tangu kanuni za mwaka 2022 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kampuni za namna hii lazima ziwe na leseni ya Kenya.

Hata hivyo, abiria asijengee matumaini yake hapo. Njia iliyonyooka bado ni ile ile ya Probox: dereva, mwenye gari, na bima ya abiria ya gari hilo. Linganisha na California, ambako tangu 2015 kampuni za teksi za simu zinatakiwa kuwa na bima ya dola milioni 1 tangu abiria anapopanda mpaka anaposhuka. Jamaa zetu wengi walioko Marekani wanaendesha teksi hizo, waulizeni. Kenya bado haijafika huko, na wabunge wetu hatujawasikia wakiliongelea.

Faida kubwa ya teksi ya simu ni kumbukumbu: jina la dereva, nambari ya gari, saa, njia, bei, vyote vimo simuni mwako. Lakini dereva anakwambia, "Boss, futa safari kwa simu, twende kwa cash, nakupunguzia." Ukikubali, umeokoa shilingi mia na hamsini, na safari hiyo imefutika. Ukigongwa, kampuni itasema hapakuwa na safari yoyote, na kwa mujibu wa simu yako itakuwa inasema kweli.

Kuna jambo moja chungu kabla ya kuagana. Unaweza kufanya yote haya, ukashinda, na kampuni ya bima ikaanguka. Blue Shield iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2011. Invesco, iliyokuwa ikikatia bima matatu nyingi, ilifika kwenye ufilisi mwaka 2024. Majeruhi wenye hukumu mkononi wakajikuta kwenye foleni ya wadai. Ndiyo maana kumshtaki mwenye gari pamoja na dereva, badala ya dereva peke yake, si ukatili. Bima ikianguka, hukumu juu ya mwenye gari inabaki imesimama.

Basi wazee wetu, mnaoketi wiki hii kwa jambo la gari lililopinduka, kabla hamjahesabu mbuzi ulizeni abstrakti iko wapi na bima ni ya nani. Na wewe uliyeumia ukaachia hapo, hesabu leo tangu siku ile. Kama miaka mitatu haijatimia, nenda kituoni uulize nambari ya OB yako, kisha uende Wajir kwa wakili.